Daftari la Ng'ombe Umejaza, la Macho ya Ukoo Wako Je?

Mvua zimeshika huku Kumsenga na najua wengi mpo shambani, lakini leo naomba dakika kumi nje ya mahindi na maharage.

Mwezi uliopita nilikuwa kwa kijana mmoja anayefuga ng'ombe sita wa maziwa, wote chotara. Akanionyesha daftari lake. Jamani, nilifurahi. Kila ng'ombe ana ukurasa wake: mama yake nani, mbegu ilitoka kwa dume gani, alihimilishwa lini, alizaa lini, lita za asubuhi, lita za jioni, aliugua nini na alitibiwa kwa dawa gani. Nikampa hongera, kisha nikamuuliza swali ambalo hakulitegemea: "Babu yako mzaa baba alipofuka kwa ugonjwa gani?"

Akacheka. "Afisa, yule si alikuwa mzee tu."

Jibu kama hilo nililitoa mimi mwenyewe miaka minne iliyopita mbele ya daktari wa macho, na halikuwa kweli. Ndiyo maana naandika.

Baba yangu alikuwa na miaka 61. Akipalilia maharage anaacha mstari wa pembeni, upande wa kushoto. Akipita migombani bega la kushoto linagonga mgomba. Majirani wakaanza kusema mzee siku hizi anapiga rubisi tangu asubuhi, na mzee wangu pombe haonji. Hakulalamika maumivu hata siku moja. Jicho halikuwa jekundu, halikutoa tongotongo, na ukimpa Biblia anasoma. Siku moja gulioni akagongwa na baiskeli iliyotokea kushoto, akasema hakuiona kabisa. Hapo nikampeleka hospitali.

Daktari alipima presha ya macho akakuta 29 jicho la kulia na 34 la kushoto. Akachungulia ndani, akakaa kimya, akachungulia tena. Kisha akauliza, "Kwenye ukoo wenu kuna mwingine aliyepofuka?" Nikajibu haraka, mimi msomi wa familia, "Hakuna." Akaandika hakuna.

Jioni nyumbani mama akaniuliza, "Na shangazi yako wa Heru Juu je? Na babu yako aliyekuwa anaongozwa kwa fimbo, mjukuu ameshika ncha ya mbele?" Nikabaki nimeduwaa. Shangazi tulikuwa tunasema karogwa. Babu tulikuwa tunasema uzee. Ukimhesabu na baba, ni watu watatu wa damu moja, na mimi nimemwambia daktari hakuna.

Halafu kuna la daftari. Miaka mitatu kabla ya hapo baba aliwahi kupimwa, wataalamu walipokuja kijijini kupima bure. Wakamwandikia vipimo kwenye daftari la shule, kama tunavyofanya wengi. Tulilitafuta tukalikuta kwenye mfuko wa mbegu. Mdogo wangu alikuwa amelijaza mahesabu ya magunia ya mihogo na kurasa kadhaa zimechanwa kuwashia moto. Ukurasa mmoja ulibaki: 26, 28, na maneno "arudi baada ya wiki 2". Hakurudi. Angerudi kwa lipi, na jicho haliumi?

Ugonjwa wenyewe unaitwa glakoma, wengi wanasema presha ya macho. Ndani ya jicho kuna maji yanayotengenezwa na kutoka muda wote. Fikiria bwawa la samaki lenye mfereji wa kuingiza na mfereji wa kutoa. Mfereji wa kutoa ukianza kupitisha kwa shida, msukumo ndani unapanda na kuuminya mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Kipimo cha kawaida ni kati ya 10 na 21. Ila msiishike namba hiyo kama mzani wa NFRA. Wapo wenye glakoma na presha yao ni ya kawaida, na pia kioo cha mbele cha jicho kikiwa chembamba, jambo linaloonekana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika, mashine inaweza kusoma chini kuliko presha yenyewe. Kwa hiyo daktari makini hapimi presha peke yake, anatazama na ule mshipa, na anapima uoni wa pembeni.

Uoni unaoliwa kwanza ndio huo wa pembeni, polepole, kwa miaka. Jicho moja linafichia jingine. Mtu anasoma, anahesabu pesa, anaona nyoka mbele yake, kumbe pembeni pameshafungwa. Msichanganye na mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho daktari anamtoa, anaweka lenzi, mtu anaona tena. Glakoma ikishakula haitapiki. Dawa, mionzi ya leza au upasuaji vinalinda kilichobaki tu.

Na si ugonjwa wa mbali. Diploma yangu nilisomea LITA Mpwapwa, na Kongwa ni majirani zetu pale. Sisi Kongwa tuliijua kwa ranchi ya ng'ombe, na wazee wakatusimulia ule mradi wa karanga wa Waingereza uliokufa. Kumbe watu wa macho duniani wanaijua Kongwa kwa sababu nyingine: ni sehemu ambayo macho ya wanavijiji yamechunguzwa kwa miaka mingi, kwanza kwa ajili ya vikope, yaani trakoma. Katika utafiti wa glakoma uliofanyika huko na kuchapishwa mwaka 2000, walipimwa watu 3,268 wenye miaka 40 na zaidi. Wenye glakoma walikuwa asilimia 4.16. Chukua mkutano wa kijiji wenye wazee mia moja, wanne wanayo, na wengi wao hawajui.

Sasa tuje kwenye damu, na hapa wafugaji mtanielewa haraka kuliko watu wa mjini.

Mwaka 1998 watafiti wa Rotterdam, Uholanzi, walifanya kitu rahisi sana. Waliwachukua wagonjwa wa glakoma, wakawafuata ndugu zao wa tumbo moja na watoto wao, wakawapima wenyewe. Hawakuuliza tu, waliwapima. Kisha wakafanya hivyo hivyo kwa ndugu wa watu wasio na ugonjwa. Ndugu wa wagonjwa, hesabu ilionyesha asilimia 22 wangekuwa na glakoma wakifika miaka 80. Ndugu wa wasio wagonjwa, asilimia 2.3. Hiyo ni zaidi ya mara tisa. Ungekuwa unachagua mtamba wa kununua, tofauti kama hiyo usingeipuuza.

Jinsi inavyorithiwa kuna njia mbili, na zote mnazo zizini. Ya kwanza ni kama pembe. Ng'ombe kukosa pembe kunaamuliwa na sehemu moja tu kwenye vinasaba, ukiipata kwa mzazi mmoja inatosha. Kuna familia ambazo glakoma inapita hivyo, kupitia jeni inayoitwa MYOC, iliyotambuliwa mwaka 1997. Mzazi anayo, karibu nusu ya watoto wanaipata, na mara nyingine ugonjwa unaanza ujanani. Lakini familia hizo ni chache.

Njia ya pili ni kama maziwa. Hakuna jeni moja ya maziwa. Zipo nyingi, kila moja inaongeza au kupunguza kidogo, ukijumlisha ndipo unapata ng'ombe wa lita 6 au wa lita 16, na bado lishe ina neno lake. Glakoma ya wengi wetu iko hivyo. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2021, uliokusanya watu wa asili ya Ulaya, Asia na Afrika, ulihesabu sehemu 127 kwenye vinasaba zinazohusika na ugonjwa huu.

Zinapatikanaje? Unachukua kundi la wagonjwa na kundi la wazima. Damu au mate yao yanasomwa sehemu maelfu kwa maelfu kati ya herufi bilioni tatu za vinasaba vya mwanadamu. Halafu unalinganisha: hapa wagonjwa wana herufi fulani mara nyingi kuliko wazima? Kama ndiyo, na tofauti si ya kubahatisha, unaweka alama. Hakuna uchawi wowote ndani yake. Ni kazi ile ile ya kukaa na madaftari mia tano ya ng'ombe na kuuliza wanaougua kiwele mara kwa mara wametoka kwa dume gani.

Ila ona sharti lake. Lazima ujue kwa hakika nani mgonjwa na nani mzima. Vinasaba bila kumbukumbu za afya ni kama hereni ya namba kwenye sikio la ng'ombe ambaye hukuwahi kumpima maziwa. Una namba, huna habari.

Uingereza wana hazina inayoitwa UK Biobank. Kati ya mwaka 2006 na 2010 waliandikisha watu kama laki tano wenye miaka 40 hadi 69, wakachukua damu zao, na zaidi ya laki moja wakapimwa na macho. Kisha, na hapa ndipo utamu ulipo, wakaunganisha na mafaili yao ya hospitali kwa miaka yote inayofuata. Mtu aliyepimwa 2009 akiwa mzima, akigundulika na glakoma 2018, taarifa inaingia. Hivyo wanaona nani aliugua baadaye na vinasaba vyake vilikuwaje kabla.

Hata hivyo hazina hiyo ina tundu, na ndilo tundu langu mimi mbele ya daktari. Hata nchi tajiri, karibu nusu ya wenye glakoma hawajui kuwa wanayo. Kwenye faili mtu kama huyo anaonekana mzima. Yaani "hana" kumbe maana yake ni "hajapimwa". Ukiwachanganya hao wawili unaweka wagonjwa kwenye zizi la wazima, na alama ulizokuwa unatafuta zinafifia. Sisi kwenye mifugo kosa hili tunalifanya kila siku: ukurasa wa ng'ombe hauna ugonjwa wowote, tunasema ng'ombe imara, kumbe mwenye ng'ombe hakuwa anaandika.

Tundu la pili ni kubwa zaidi kwetu. Wengi mno kati ya watu waliopimwa vinasaba duniani ni Wazungu, wakati glakoma hii inawaandama zaidi watu wenye asili ya Afrika, inawaanza mapema na kuwapofusha zaidi. Ukichukua alama zilizotafutwa kwa Wazungu ukamkadiria nazo Muha wa Kibondo, makadirio yanapwaya. Mnajua kwa nini. Dume la Friesian lenye sifa zilizopimwa Uholanzi, kwenye nyasi na baridi ya kule, mabinti wake huku juu ya damu ya Ankole au zebu hawatoi kile kilichoandikwa kwenye katalogi. Ndiyo maana mradi wa ADGG wa watu wa ILRI, ulioanza Tanzania na Ethiopia mwaka 2016, ulikwenda kwa wafugaji wadogo wa mikoa kama Kilimanjaro, Tanga na Mbeya, ukavalisha ng'ombe hereni, ukachukua vinasaba vya chotara wa hapa hapa na kuviweka pamoja na maziwa yaliyopimwa hapa hapa.

Kwenye macho kazi hiyo imeanza. Mwaka 2019 ulitoka utafiti uliowakusanya wagonjwa kutoka Ghana, Nigeria, Afrika Kusini na Wamarekani weusi. Ukakuta alama kwenye jeni inayoitwa APBB2, na herufi ile ya hatari inaonekana kwa watu wenye asili ya Afrika tu. Uwatafute Wazungu milioni, hutaiona. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania kule Marekani wakatoa kazi ya watu 11,275 wenye asili ya Afrika, wagonjwa na wazima, wote wakiwa wamekaguliwa macho, nao wakapata sehemu nyingine mpya.

Na kumbukumbu tu, hata bila vinasaba, zinafanya kazi kubwa. Majirani zetu Nakuru, Kenya, mwaka 2007 na 2008 walipimwa watu 4,414 wenye miaka 50 na zaidi. Miaka sita baadaye watafiti wakarudi kuwatafuta watu wale wale, nyumba kwa nyumba. Wengine walishafariki, wengine wamehama, lakini zaidi ya elfu mbili walipatikana na kupimwa tena. Ukiwa na vipimo viwili vya mtu mmoja, unaona ugonjwa unatembea. Kipimo kimoja ni picha tu. Laiti daftari la baba lingekuwa na kurasa zake zote.

Suala la jicho na damu hata kwa ng'ombe si geni. Ng'ombe wa Hereford, wenye uso mweupe, wanasumbuliwa na saratani ya jicho sehemu za jua kali. Kumbukumbu za ranchi zilionyesha wenye rangi nyeusi au nyekundu kuzunguka macho wanaugua kidogo zaidi, na rangi hiyo inarithiwa, kwa hiyo wafugaji wakaanza kuchagua wazazi wenye macho yaliyozungushiwa rangi. Tofauti ni kwamba ng'ombe tunachagua nani azae. Kwa binadamu kazi ya kujua damu ni moja tu, kujua nani apimwe mapema.

Najua ukitaja DNA kijijini watu wanawaza kesi ya mtoto ni wa nani. Hofu hiyo ina msingi, kwani kipimo cha damu cha ukoo kinaweza kufichua mengine ambayo hukwenda kuyatafuta. Vipimo vya vinasaba vya binadamu nchini vina sheria yake tangu 2009, msimamizi ni Mkemia Mkuu wa Serikali, na tangu 2022 kuna sheria ya kulinda taarifa binafsi. Mtu akija kuomba damu yako kwa utafiti wa afya, muulize kibali cha NIMR, muulize damu itahifadhiwa wapi na nani ataiona, na una haki ya kukataa bila kunyimwa matibabu. Lakini kwa glakoma huhitaji kipimo cha vinasaba leo. Kipimo cha vinasaba cha bei poa tayari unacho, ni wazee wako. Waulize.

Kaeni na mama, bibi au shangazi, andika nani kwenye ukoo alipoteza kuona, jicho moja au yote, akiwa na umri gani, aliumwa au hakuumwa, alipasuliwa au la. Waliopofuka utotoni, waliochomwa na mwiba, waliokuwa na kope zinazochoma jicho, hao waandike pembeni maana huenda ni mambo mengine. Mahali usipojua andika "haijulikani". Tafadhali usiandike "hakuna". Kama kuna hata mmoja aliyefifia taratibu bila maumivu, nenda kwa mtaalamu wa macho hata kama una miaka 30 na unaona vizuri, na kila namba unayopewa ipige picha kwa simu siku hiyo hiyo.

Jambo moja linanikera niliseme hapa. Dawa za macho za dukani mnanunua ovyo. Zipo zenye steroidi ndani, zinatuliza wekundu siku mbili mtu anafurahi, akizitumia wiki kwa wiki zinaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta glakoma yenyewe. Na nimeshakuta mtu anajipaka tyubu ya jicho la ndama. Acheni. Mwenye glakoma akiandikiwa timolol aseme kama ana pumu, maana dawa hiyo inaweza kumbana pumzi.

Kuhusu matibabu, kuna habari njema ya nyumbani. KCMC Moshi walilinganisha matone ya timolol na leza, matokeo yakatoka mwaka 2021. Baada ya mwaka mmoja, leza ilifanikiwa kwenye asilimia 61 ya macho, matone asilimia 31. Kwa mkulima ambaye matone yanamwishia katikati ya msimu na duka la dawa liko mbali, hilo ni jambo la kumuuliza daktari.

Baba jicho la kushoto limekwenda. La kulia linalindwa kwa matone, na mama ndiye anayeweka, saa moja asubuhi na saa moja jioni, redio ikisoma habari. Nilirudi kwa daktari nikamwomba afute lile "hakuna". Alifuta, akaandika babu na shangazi, kisha akasema nilete ndugu zangu wote.

Kaka yangu ana miaka 43, analima tangawizi Kasulu. Aligoma. "Mimi naona mpaka milima ya Burundi, unanipeleka kwa daktari wa nini?" Ilichukua miezi mitano na ugomvi mmoja. Alipopimwa alikuwa na 27 na 25, na mshipa wa jicho moja umeanza kulika. Haoni tofauti yoyote hadi leo, anatia dawa kwa kulalamika, lakini anatia. Mimi nilikuwa na 17 na 18, mshipa mzima, nikaambiwa nirudi kila mwaka. Zamu yangu ni mwezi wa sita, baada ya kuvuna maharage, na imeandikwa ukurasa wa kwanza wa daftari, juu ya tarehe za chanjo ya ndama.